Mkono na Diski: Tafakari juu ya Breki Zisizolingana Katika Vilima vya Gusii

Breki ya baiskeli huhesabiwa na wengi kuwa kifaa kimoja, ilhali ni vifaa viwili vinavyokaa mbalimbali, kimoja kwenye usukani chini ya vidole vya mwendeshaji na kingine pembeni mwa gurudumu, na kati yavyo mara nyingi hupita waya mwembamba wa chuma uliosokotwa, unaoteleza ndani ya ganda lake. Waya wa namna hii, ambao Ernest Monnington Bowden aliupatia hataza nchini Uingereza mwaka 1896, hufaa kwa kazi hiyo kwa sababu huweza kupitisha mvuto wa mkono katika kona na mapindo ya fremu bila kuuliza mkono ule ulitengenezwa kwa breki ya aina gani. Waya haupimi, haurekebishi, wala haukatai. Kwa hiyo kulingana kwa mkono wa breki na kile kinachobana gurudumu ni jambo linalopaswa kuamuliwa kabla waya haujafungwa, na pale ambapo halikuamuliwa, huachiwa mteremko.

Nchi ya Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, ina miteremko ya kutosha. Mji wa Kisii uko takribani meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Viktoria lililo magharibi yake liko takribani meta 1,130. Kuelekea Manga, Kiabonyoru na Keroka ardhi hupanda zaidi ya hapo, ikivunjwavunjwa na mabonde ya mito inayojaza Gucha na mingine inayoelekea Sondu. Barabara kubwa hupendelea migongo ya vilima, lakini njia zinazoiacha lami na kwenda mashambani, kwenye vituo vya kununulia majani chai au mtoni, hushuka moja kwa moja juu ya udongo mwekundu ambao mvua ikishaugusa hugeuka kuwa utelezi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, na wengi wao wanaishi kwenye mashamba madogo yaliyoganda ubavuni mwa vilima, penye vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita na ambavyo hata pikipiki huvipita kwa shida. Mvua nayo haikai mbali. Masika huanza Machi, vuli huja Septemba, na miezi iliyo katikati haikosi manyunyu ya alasiri.

Katika nchi ya namna hii baiskeli haitumiki kama inavyotumika katika tambarare za Kisumu au za Busia, mpakani, ambako neno boda boda lilizaliwa. Kule mwendeshaji hukanyaga pedali kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho, akiwa na abiria nyuma yake. Gusii baiskeli husukumwa kwa mikono wakati wa kupanda, ikiwa imebeba mikungu ya ndizi, magunia ya majani chai au mitungi ya maji kama punda, kisha kilele kikifikiwa mwenye baiskeli hupanda na kuiachia ishuke. Nusu ya safari hiyo pedali haina kazi. Kifaa kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote ni breki, na ndiyo maana swali linaloonekana dogo na la kiufundi, la mkono upi ufungwe na breki ipi, lina uzito zaidi katika Nyamira kuliko ulio nao katika miji tambarare.

Baiskeli kubwa nyeusi ya zamani, ile ambayo Wakenya waliiita Black Mamba na ambayo ilitoka kwanza katika viwanda vya Uingereza kama kile cha Raleigh mjini Nottingham na baadaye zaidi India na China, haikuwa na tatizo hili. Breki yake haikutumia waya. Mkono ulivuta vijiti vya chuma, navyo vikavuta kikuku kilichobeba raba mbili, na kikuku kikapanda na kugusa ringi kwa upande wake wa ndani. Mkono, vijiti na kikuku vilikuwa ukoo mmoja, havikuweza kufungwa na kitu kingine, na fundi aliyeagiza kimojawapo alipata kile kile kilichokuwa kimevunjika. Breki hiyo ilikuwa dhaifu, hasa wakati wa mvua, kwa kuwa ringi ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa hugeuka kama kioo chini ya raba, na mwenye mzigo hulazimika kusaidia kwa soli ya kiatu. Hata hivyo udhaifu wake ulikuwa wazi. Mwendeshaji aliujua, akaukadiria, akashuka na kutembea pale alipojua kwamba breki haitafika, na ujuzi huo wa mpaka wa chombo ni usalama wa aina yake, ambao haupaswi kudharauliwa kwa sababu tu chombo kilikuwa cha kizamani.

Mambo yalibadilika katika muongo wa 1990. Hadi wakati huo breki nyingi za waya duniani, ama zile za baiskeli za mashindano ama zile zenye mikono miwili mifupi iliyotanuka pande zote mbili za gurudumu, zilihitaji waya uvutwe kwa urefu mdogo. Mwaka 1996 kampuni ya Kijapani ya Shimano ikaleta breki yenye mikono miwili mirefu inayosimama wima kama herufi V, na kwa kuwa mikono hiyo mirefu huzidisha nguvu kwa gharama ya kutaka waya mwingi, ilibidi itengenezewe mkono mpya wa usukani unaovuta waya mrefu zaidi. Breki za diski zinazoendeshwa kwa waya zikafuata, na watengenezaji wakazigawa katika makundi yale yale mawili: nyingine zilibuniwa kwa ajili ya mkono wa zamani, nyingine kwa ajili ya mkono mpya. Tangu hapo soko la baiskeli la dunia nzima lina koo mbili za mikono na koo mbili za breki, zinazofanana kwa sura kama watoto wa mama mmoja.

Mgawanyiko huo usingewadhuru watu wa Gusii kama sehemu hizi zingefika zikiwa pamoja. Lakini baiskeli nyingi zenye diski hufika Kenya kwa mikondo isiyokutana: nyingine huja mpya na za bei ya chini kutoka China na India, nyingine huja kama mitumba ndani ya makontena yanayoshushwa Mombasa, nyingine zikiwa nzima na nyingine zikiwa zimekwisha kufunguliwa. Kadiri bidhaa hiyo inavyopanda kutoka pwani kwenda bara, ikipitia mikono ya wachuuzi kadhaa, ndivyo vipande vinavyoachana, hata inapofika kwa fundi wa kando ya barabara mkono mmoja uko ndani ya kopo moja pamoja na skrubu na kengele, na kalipa, yaani kile kishikio kinachobeba pedi mbili na kuibana diski, kiko ndani ya kopo jingine. Vipande vimesafiri, na ujuzi wa kipi ni mwenzi wa kipi umebaki kwenye karatasi ya maelekezo iliyotupwa katika nchi nyingine.

Ili kulielewa tatizo, inafaa kuutazama mkono wa breki kwa karibu. Mkono huo ni wenzo, yaani kifaa kinachogeuza nguvu kwa kuzunguka kwenye egemeo moja, na egemeo hapa ni pini ndogo iliyoushikilia mkono kwenye bano la usukani. Vidole hubana mbali na pini hiyo, tuseme kwa milimita 80. Waya nao umeshikwa karibu na pini, ndani ya kitundu kinachopokea kichwa chake cha mviringo. Umbali kati ya pini na kitundu hicho ndio siri yote. Katika ukoo wa kwanza umbali huo ni kama milimita 20, na katika ukoo wa pili hufika 30 au kuzidi. Hesabu yake haihitaji kalamu ndefu: vidole vikibana kwa nguvu fulani, mkono wa milimita 20 huuvuta waya kwa nguvu mara nne ya hiyo, ilhali mkono wa milimita 30 huuvuta kwa nguvu isiyofika mara tatu. Kwa upande wa pili, vidole vikisogea milimita 40 kuelekea usukani, mkono wa kwanza huvuta waya milimita 10 tu, na wa pili huvuta 15. Mmoja huvuta kidogo kwa nguvu nyingi, mwingine huvuta sana kwa nguvu kidogo, na hakuna mkono wowote duniani unaoweza kuvuta sana kwa nguvu nyingi bila kumdai mwendeshaji jasho zaidi, kwa kuwa wenzo hauumbi nguvu, huigawa tu.

Diski nayo ina dai lake. Ringi ya gurudumu la milimani ina nusu kipenyo cha milimita 280 hivi, na raba inayoigusa pale huzuia gurudumu kutoka mbali na kitovu, mahali ambapo hata nguvu ndogo ina athari kubwa. Diski ya kawaida ya kipenyo cha milimita 160 huguswa ndani ya milimita 80 kutoka kitovuni, kwa hiyo msuguano wake hauna budi kuwa mara tatu na nusu au zaidi ya ule wa raba ya ringi ili matokeo yawe sawa. Fidia hiyo hupatikana ndani ya kalipa. Waya huvuta kijiko kidogo, kijiko huzungusha kisahani, na kisahani, kikipanda juu ya gololi zilizolala katika vijia vyenye mwinamo, husukuma pedi kuelekea diski kwa nusu milimita au chini yake. Mvuto mrefu wa waya umebadilishwa kuwa msogeo mfupi mno wenye nguvu nyingi. Mbunifu wa kalipa aliuchagua urefu wa kijiko na mwinamo wa vijia akiwa anaujua mkono utakaovuta. Aliyafanya maamuzi yake kwa niaba ya vidole ambavyo hakuviona, akiamini kwamba mtu wa mwisho katika mnyororo hatauvunja uaminifu huo. Mtu wa mwisho huyo, mara nyingi, hajaambiwa.

Kosa la kwanza linaloweza kutokea ni kuufunga mkono wa mvuto mrefu na kalipa iliyobuniwa kwa mvuto mfupi. Matokeo yake huwashangaza wasiozoea. Mnunuzi anayeijaribu baiskeli ikiwa imesimama huubana mkono, na mkono hugoma mara moja, mgumu kama jiwe, bila kusogea hata nusu ya njia. Yeye huridhika, kwa kuwa ugumu huo huhisiwa vidoleni kama uimara. Kumbe kilichotokea ni kwamba waya umevutwa kwa wingi mno, pedi zimefika kwenye diski mapema, na kuanzia hapo kila kilo ya nguvu inayotoka vidoleni hufika kwenye diski ikiwa imepungua kwa theluthi moja au zaidi ikilinganishwa na ile ambayo mbunifu aliitarajia. Breki hiyo ni dhaifu kwa sababu ile ile inayoifanya ihisiwe kuwa imara. Hili ndilo jambo linalostahili kukaliwa kwa muda mrefu katika somo hili zima, kwa sababu mkono wa binadamu, ambao ndio kipimo pekee alicho nacho mnunuzi sokoni, hutoa hapa ushahidi ulio kinyume cha ukweli, na hautoi kwa uzembe bali kwa maumbile yake: vidole huhisi upinzani wa mkono wa breki, havihisi msuguano wa gurudumu.

Kosa la pili ni kinyume chake, mkono wa mvuto mfupi juu ya kalipa inayotaka mvuto mrefu. Hapa nguvu ni nyingi, hata kupita kiasi, lakini safari haitoshi. Mkono husogea ukiwa mlaini, hukaribia usukani, na kama kalipa inahitaji milimita 14 za waya ili ibane sawasawa ilhali mkono una 10 tu za kutoa, basi vidole hufika ukutani kabla ya pedi kufika kwenye diski. Fundi mwenye bidii hulificha tatizo hilo kwa kuikaza skrubu ya marekebisho na kuzisogeza pedi karibu kabisa na diski, kiasi cha kuacha nafasi ya unene wa karatasi, na siku hiyo breki hufanya kazi vizuri sana. Kosa hili husubiri. Matope na mchanga wa njia za Gusii hula pedi kwa kasi, na katika kalipa nyingi za waya ni pedi moja tu inayosogezwa na waya, nyingine ikiwa imetulia mahali pake mpaka isogezwe kwa ufunguo wa pembe sita. Kwa hiyo kila wiki ya mvua huongeza pengo, na mkono ambao tangu mwanzo haukuwa na akiba ya safari huanza kugusa usukani. Breki iliyouzwa nzuri mwezi Machi huenda isiwepo mwezi Mei, na hakuna kitu kilichovunjika.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi ukipimwa kwa mzigo wa kawaida. Chukua mwendeshaji, baiskeli na mikungu miwili ya ndizi, vyote pamoja vikiwa na uzito wa kilo 140, vikishuka mteremko unaopungua meta 100 katika kilometa moja. Ili mwendo usiongezeke tu, pedi hulazimika kuibana diski kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima, na hapo baiskeli bado haijasimama. Nishati inayopaswa kuondolewa hadi mwisho wa mteremko ni kilojuli 137, nayo, mwendo ukiwa wa polepole, sehemu yake kubwa hugeuka kuwa joto katika vipande viwili vya chuma visivyofika unene wa milimita mbili. Katika mwinuko wa Kisii, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 0.4 za maji ya baridi, yaani vikombe viwili vidogo vya chai. Yote hayo hutokana na vidole vinne, viwili vya kila mkono, kwa muda wa dakika chache. Vidole vikinyang'anywa theluthi moja ya faida yao, vitachoka kabla ya mto.

Kuna haki ya kuuliza kwa nini kosa la aina hii halijikatazi lenyewe. Jembe na mpini wake vina njia ya kukataana: mpini mnene hauingii kwenye tundu, mwembamba hucheza, na mkulima yeyote wa Nyamache au Kebirigo hutambua kutolingana huko kabla hajaliinua jembe. Sehemu za breki zimenyimwa njia hiyo kwa sababu ya usanifishaji, ambao katika mambo mengine ni baraka. Bano la mkono hukaa kwenye usukani wa milimita 22.2 bila kujali ukoo. Waya ni ule ule. Na kichwa cha waya, kile kipande cha mviringo kinachozama ndani ya mkono, ni cha umbo moja kwa mikono yote ya usukani ulionyooka, ya mvuto mrefu na ya mvuto mfupi. Ni mikono ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo tu, ile ya baiskeli za mashindano, ambayo hudai kichwa cha waya chenye umbo tofauti, na hivyo humwonya fundi kwamba amebadilisha ukoo. Kwa mingine yote kila kitu huingia, hukaza na kung'aa. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kililitambua jambo hili kwa njia yake, kwa kuwa breki hupimwa humo juu ya baiskeli iliyokwisha kuunganishwa, ikisimamishwa kweli, pakavu na penye maji; uzima wa mkono peke yake au wa kalipa peke yake hauthibitishi lolote. Breki ni sifa ya jozi. Vipande viwili vizuri, vya kampuni zenye heshima, vinaweza kuunda breki mbaya, na vipande viwili vya bei nafuu vilivyobuniwa pamoja vinaweza kuunda breki ya kutosha.

Jambo la pembeni, lakini lenye hatari yake, ni upande. Katika baiskeli zilizoundwa kwa desturi ya Uingereza mkono wa kulia hushika breki ya mbele, ilhali katika zile za Marekani na nyingi za bara la Ulaya mkono huo hushika ya nyuma. Mtumba unaofika Keroka ukiwa na nyaya zake za asili huweza kumfanya mwenye baiskeli avute breki ya mbele kwa nguvu akidhani anavuta ya nyuma. Kubadilisha nyaya hizo ni kazi ya nusu saa, nayo inastahili kufanywa kabla ya safari ya kwanza.

Tiba za kosa kubwa zipo, ingawa hazilingani kwa ubora. Kuna kigurudumu kidogo chenye njia mbili za vipenyo tofauti, kinachofungwa katikati ya waya ili mvuto mfupi upande mmoja utoke ukiwa mrefu upande wa pili, lakini ni kifaa adimu na matope hukiziba. Kuna mikono iliyotengenezwa na vitundu viwili, au na kipande kinachohamishwa, kikiwa kimeandikwa V kwa mvuto mrefu na C kwa mvuto mfupi, na mkono wa namna hiyo ukipatikana ndani ya kopo la fundi ni hazina ambayo mara nyingi haitambuliwi. Kuna pia hila ya kuufunga waya upande wa ndani wa skrubu ya kijiko badala ya upande wa nje, ili kijiko kiwe kifupi kwa milimita chache na kitosheke na waya mchache. Hila hiyo ni ya kweli kwa hesabu, lakini waya uliokaa pasipo njia yake huteleza, na kuteleza kwake hutokea wakati wa kubana kwa nguvu kuliko wakati wowote mwingine. Iliyo bora kuliko zote ni ya kale: kutafuta mkono unaolingana, na kuurudisha usiolingana ndani ya kopo.

Ugumu ni kwamba haiwezekani kuagiza kitu kisicho na jina. Shule za Kenya hufundisha nyenzo kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa sekondari anayeweza kukokotoa faida ya wenzo katika mtihani si lazima aweze kumweleza fundi wa kijijini kwake jambo hilo kwa lugha wanayozungumza wote wawili. Kiswahili kina maneno ya msingi, wenzo, egemeo, jitihada na mzigo, yaliyokwisha kutumika katika vitabu vya sayansi vya Tanzania kwa vizazi. Kinachokosekana ni majina ya koo mbili za mikono. Makala haya yametumia mvuto mrefu na mvuto mfupi, na yanayapendekeza majina hayo kwa moyo mmoja, kwa sababu yanataja kile kinachoweza kupimwa badala ya kutaja baiskeli ambako kipande kilitoka. Sehemu inayoitwa ya mauntini au ya resa imeelezwa kwa ukoo wa mwenye nayo wa kwanza, ambaye huenda naye aliibadilisha. Sehemu inayoitwa ya mvuto mfupi imeelezwa kwa kazi yake, na mteja wa Suneka anaweza kuiagiza kwa simu kutoka kwa muuzaji wa Nairobi bila picha.

Kipimo chenyewe hakihitaji zaidi ya rula ya shule. Fundi huushika mkono wa breki ukiwa umefunguliwa, huweka sifuri ya rula katikati ya pini, husoma umbali hadi katikati ya kitundu cha kichwa cha waya, kisha kwa ncha ya msumari huchora tarakimu tumboni mwa mkono, 20 au 30, mahali ambapo rangi haitaonekana kuharibika na ambapo fundi mwingine, miaka mitano baadaye, atakuta ameshafanyiwa kazi. Kalipa huifanyia kipimo cha aina nyingine: hufunga waya, hubana mara moja, na kutazama pedi zinauma mkono ukiwa wapi katika safari yake. Ikiwa zinauma karibu na katikati, na mkono ukibaki na nafasi ya vidole viwili kabla ya usukani hata unapobanwa kwa nguvu zote, jozi ile huenda inafaa. Kisha hubaki jaribio moja, ambalo halifanywi mbele ya duka penye sakafu ya saruji. Baiskeli hupakiwa mzigo wake wa kweli, hupelekwa ukingoni mwa mteremko, na mwenye nayo, akiwa bado amesimama ardhini kando yake, hushika breki ya mbele peke yake na kuusukuma usukani kuelekea chini, huku mikungu ikiwa imefungwa kwa kamba ya katani nyuma na maji ya mvua ya asubuhi yakidondoka kutoka kwenye diski.